Jicho Lililotoka Fora

Takaba ya miaka ile, jicho likiwa jekundu watu walitaja vumbi. Yakiwa yote mawili walitaja nzi. Likiwa moja, tena la kijana mwenye ngamia wengi, wazee waliteta kwa sauti ya chini kwamba kuna hasidi aliyemtazama vibaya. Hayo ndiyo maelezo niliyoyakuta nilipopelekwa kule kufundisha mwaka 1996, na kila moja lilikuwa na ushahidi wake. Vumbi lilikuwepo, kila lori lilipopita. Nzi walikuwepo, hasa saa za alasiri mifugo inaporudi kwenye maboma ya miiba. Na hasidi, basi, hakosekani popote.

Sikusikia hata mara moja mtu akitaja maziwa.

Mimi ni mtu wa Malindi. Kwetu maziwa ni ya ng'ombe, tena ya chai, na asiyekuwa nayo hunywa chai ya rangi akaendelea na siku yake. Kule nilikokwenda maziwa ndiyo chakula chenyewe. Siku hizo Takaba ilikuwa tarafa ya Wilaya ya Mandera katika Mkoa wa Kaskazini Mashariki; leo ni Mandera Magharibi. Lami iliishia Garissa. Kutoka hapo ulipanda basi kupitia Modogashe na Habaswein hadi Wajir, na kutoka Wajir ulitafuta lori, ukakaa juu ya magunia ya sukari na unga pamoja na abiria wengine, ukaomba Mungu msimu wa mvua usikukutie njiani. Mji ulikuwa mdogo: maduka ya mabati, msikiti, shule, zahanati, nyumba za fito zilizoezekwa mikeka na ngozi, na kandokando mabirika ya kuwekea maji ya mvua. Wenyeji wengi ni Wagarre. Walizungumza Kiborana na Kigarre, na Kisomali wakikutana na jirani, na Kiswahili wakikutana na mimi.

Mzee aliyenipa chumba alikuwa na mifugo ya namna mbili, kama wenzake wote wenye uwezo. Mbuzi walikaa karibu na mji, mikononi mwa mkewe na watoto. Ngamia walikuwa fora. Fora ni kambi ya mbali ya malisho, isiyo na nyumba wala mwanamke wala sufuria, ambako vijana huwafuata ngamia mwezi baada ya mwezi kule mvua ilikonyesha. Kijana wa fora habebi unga. Hubeba fimbo, kikoi, chombo cha kukamulia na pengine bunduki. Asubuhi na jioni humkamua ngamia akiwa amesimama kwa mguu mmoja, bakuli juu ya paja, na maziwa huyanywa palepale yangali na joto la kiwele na povu juu. Siku nzima hana kitu kingine tumboni. Nilipowauliza wanafunzi wangu wakubwa kama hawakuchoka, walinitazama kwa huruma. Walisema mtu akitoka fora baada ya mvua nzuri, mashavu humjaa na ngozi humng'aa, na wasichana humjua kwa mbali.

Maziwa yaliyofika mjini yalikuja katika vibuyu vilivyofukizwa kwa moshi wa miti waliyoichagua wenyewe. Moshi ule huyapa ladha ambayo bado naikumbuka. Mengine yaliachwa yachache yakawa susa. Moshi huyafanya maziwa yakae muda mrefu bila kuharibika, nao hilo walilijua kwa vizazi. Lakini kuna kijidudu kisichojali moshi, na katika maziwa yaliyochacha kinaweza kuishi siku kadhaa. Kuchemsha kungekiua mara moja. Kuchemsha maziwa ya ngamia, hata hivyo, kulikuwa jambo la kuudhi. Mzee aliniambia, "Maalim, ukiyachemsha umeyaua. Utakunywa maiti?" Na papo hapo, kila jioni, mkewe aliyachemsha maziwa yale yale katika birika la chai mpaka yakafurika. Kwa hiyo sisi tuliokaa mjini na kunywa chai tulikingwa na chai yetu bila kujua. Wa fora hawakuwa na chai.

Mpwa wa mzee alirudi kutoka fora wakati wa mvua za masika za mwaka 1997, zilizofuata kiangazi kirefu kilichoua mifugo mingi. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na kidogo. Hakurudi na mashavu. Alirudi na homa iliyopanda baada ya magharibi, ikamtoa jasho usiku kucha mpaka mkeka ukalowa, kisha alfajiri ikamwachia kama haikuwahi kuwepo. Mchana alikaa kivulini akaongea na watu, akacheka. Magharibi ikarudi. Mgongo ulimuuma sehemu ya chini, na nyonga moja ilimfanya achechemee. Alipewa klorokwini, kama alivyopewa kila mwenye homa nchini Kenya mwaka ule, na ilipomalizika bila faida akapewa tena. Kulikuwa na dalili nyingine aliyoificha hata kwa mjomba wake: korodani moja ilikuwa imevimba. Nililijua hilo miezi mingi baadaye. Kijana anayetafuta mchumba hasemi jambo kama hilo katika mji ambao kila nyumba inasikia ya nyumba nyingine, na ukimya wake, naamini, ulimgharimu zaidi kuliko umbali wote wa barabara.

Homa ikapungua yenyewe. Mgongo ukabaki. Kisha, kiangazi kilipoanza, jicho lake la kushoto likawa jekundu.

Wekundu wenyewe haukuwa wa kawaida, na nasema hivi kwa sababu nilikuwa nimezoea macho mekundu. Darasani kwangu hakukosekana mtoto mwenye tongotongo, kope zimegandana asubuhi, macho yote mawili yakiwasha. Hao walipakwa mafuta ya tetrasaiklini, ile dawa ya manjano ya kijitubu, na wengi walipona. Jicho la kijana huyu halikuwa na tongotongo hata chembe. Lilikuwa kavu, na wekundu ulikuwa umeizunguka ile duara ya rangi katikati ya jicho kama pete, badala ya kutapakaa kwenye weupe wote. Halikuwasha, liliuma, na maumivu yalikuwa ndani kabisa, nyuma ya mfupa wa nyusi. Mwanga hakuuweza. Alikaa ndani ya nyumba mchana kutwa na kikoi kichwani, na mtu akiinua mkeka wa mlangoni alipiga kelele. Alisema anaona utando wa buibui ukielea mbele yake, akigeuza jicho nao unageuka.

Watu walimhudumia. Hili nataka lieleweke, maana nimesoma maandishi mengi yanayowaeleza wafugaji wa kaskazini kana kwamba walikaa wakangoja upofu. Shangazi zake walimpaka wanja. Mama mmoja anayenyonyesha alikuja kila asubuhi kumdondoshea maziwa yake jichoni. Sheikh alimsomea Kurani juu ya maji, akayanywa na kunawia uso. Mzee mwenye ujuzi wa chuma cha moto alimchoma kipaji upande wa kushoto, alama tatu ndogo, bila kijana kutikisika. Zahanati ilimpa tetrasaiklini. Kila mmoja alitoa alichokuwa nacho. Kasoro ya haya yote ni kwamba yaliwekwa juu ya jicho au kando yake, na ugonjwa haukuwa juu ya jicho.

Wakati uleule mbuzi wa nyumbani nao waliugua macho. Ni ugonjwa unaojulikana kila penye mbuzi: macho hutoa machozi, yanavimba, yanaota ukungu mweupe, na mbuzi hutembea akigonga miti. Mama wa nyumba alihusisha mambo haya mawili haraka. Akawatenga mbuzi wale, akawakataza watoto kuwashika, na akasema kwamba kijana amelitoa jicho lake kwao. Nilivutiwa na akili yake, na bado navutiwa nayo. Alikuwa ameshika wazo lililo sahihi kabisa, kwamba jicho la mtu linaweza kuugua kwa sababu ya mnyama, nalo ni wazo ambalo watu wengi wenye vyeti hawakuwa nalo. Ila mnyama hakuwa yule. Maradhi ya macho ya mbuzi ni nadra kuhamia kwa mtu. Aliyepaswa kuogopwa alikuwa na macho maangavu: ngamia jike au mbuzi aliyetupa mimba, akasafishwa kwa mikono mitupu, akaendelea kukamuliwa.

Na mimba zilitupwa msimu ule. Walizungumza habari zake kama wanavyozungumza watu wa pwani kuhusu pepo za kaskazi, kwa undani na bila haraka. Ni wa nani, wa miezi mingapi, kondo limetoka au limekwama. Walilaumu kiangazi, malisho mabaya, safari ndefu. Lilipokwama, kijana aliingiza mkono mpaka begani akalivuta, na maji yakamrukia kifuani na usoni, akajifuta kwa mkono uleule. Nimewaona wakifanya hivyo kwa mbuzi nje ya mlango wangu. Kwao ilikuwa huruma kwa mnyama, na kweli ilikuwa huruma.

Shule zilipofungwa Agosti, nilikuwa nateremka kwetu, na mzee akaniomba nimchukue mpwa wake hadi Garissa, ambako wana jamaa, nimpeleke kwa tabibu wa macho. Safari ile sitaieleza sana. Alisafiri amefunikwa kitambaa cheusi, na kila lori lilipoyumba alishika kichwa.

Tabibu alikuwa mtu wa makamo, mpole, asiyependa maneno mengi. Alimkalisha mbele ya mashine yenye taa nyembamba, akamwinua kidevu, akatazama muda mrefu. Kisha akazima taa na kuuliza maswali ambayo hayakuhusu jicho hata kidogo. Nilikuwa mkalimani, kwa Kiborana changu cha kuokoteza na Kiswahili cha kuokoteza cha kijana.

"Anachunga nini?"

"Ngamia."

"Maziwa anakunywa vipi?"

Nilipomfasiria, kijana alishangaa. Maziwa hunywewa vipi tena?

"Mwaka huu kuna aliyetupa mimba? Nani alimsaidia?"

Kijana alionyesha mikono yake.

"Homa ya jioni je? Jasho? Mgongo?" Kisha tabibu akanigeukia na kuniomba nitoke nje kidogo, akamwita ndani msaidizi mmoja Msomali. Ninafikiri ndipo kijana aliposema habari ya korodani. Niliporudi ndani alikuwa ameinamisha kichwa, lakini uso wake ulikuwa mwepesi kuliko nilivyouona tangu Aprili.

Walimtoa damu. Tabibu alinieleza kwa lugha ya kawaida, nami tangu siku ile nimeendelea kusoma juu ya jambo hili kila nilipopata kitabu. Kuna bakteria anayeitwa brusela, anayeishi ndani ya wanyama wa kufugwa: mbuzi, kondoo, ng'ombe, ngamia. Hujazana kwenye kondo na kwenye kiwele. Mnyama mwenyewe anaweza kutupa mimba mara moja kisha akaonekana mzima, huku maziwa yake yakiendelea kubeba wadudu. Kwa mtu huingia na maziwa mabichi, au kupitia mikwaruzo ya mikono, au kwa maji ya uzazi yakiruka kwenye macho na mdomo. Kisha hujificha ndani ya chembe zilezile za mwili ambazo kazi yake ni kupambana na wadudu, akasafiri nazo kwenda kwenye ini, wengu, uti wa mgongo, nyonga, korodani. Kwa watu wachache hufika kwenye jicho. Ndani ya jicho, kati ya ukuta wa nje mweupe na pazia la nyuma linalopokea picha, kuna tabaka lenye mishipa mingi ya damu, na ile duara ya rangi mbele ni sehemu yake. Tabaka hilo likivimba, jicho huuma kwa ndani, mwanga hautazamiki, na chembechembe zinazoelea ndani ndizo utando wa buibui aliouona. Duara ya rangi hunata kwenye lenzi iliyo nyuma yake. Ndiyo maana mboni yake haikuwa ya mviringo tena, ilikuwa imekunjana upande mmoja. Ikiachwa, lenzi huota mtoto wa jicho, au presha ya jicho hupanda, na hapo ndipo mtu anapopofuka.

Kwa hiyo homa ya masika, mgongo, nyonga, aibu iliyofichwa na jicho la kiangazi vilikuwa ugonjwa mmoja. Homa ilipelekwa zahanati, mgongo ukakandwa na shangazi, jicho likapakwa wanja, na hayo ya ngamia yakabaki mazungumzo ya wazee chini ya mti. Hakuna aliyekutanisha haya yote mpaka mtu mmoja Garissa alipouliza maziwa hunywewa vipi. Hili ndilo lililonikaa rohoni tangu wakati huo. Wagarre walikuwa na nusu moja ya maarifa, tena nusu nzuri: walimjua kila ngamia aliyetupa mimba, lini na kwa nini. Dawa ilikuwa na nusu ya pili. Baina yao palikuwa na kilomita nyingi za barabara mbovu, na pia mazoea ya kumuuliza mgonjwa juu ya kiungo chake tu, bila kumuuliza anaishije.

Matibabu yalikuwa ya wiki sita. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeshapendekeza hivyo tangu mwaka 1986: vidonge vya doksisaiklini kila siku kwa wiki sita, pamoja na dawa ya pili, ama sindano za streptomaisini za kila siku kwa wiki mbili au tatu, ama rifampisini. Kwa jicho alipewa matone ya kutuliza uvimbe na mengine ya kuipanua mboni ili isizidi kunata. Matone haya ya pili yalimfanya auchukie mwanga zaidi, na ilibidi aelezwe mara kadhaa kwamba hayamwumizi bali yanamwokoa. Nilimwacha kwa jamaa zake Garissa nikaendelea na safari hadi Malindi.

Wiki sita si kitu kwa mtu wa mshahara. Kwa mchungaji ni msimu mzima. Kiangazi kilikuwa kikali, ngamia wa mjomba wake walikuwa wakinyweshwa kwenye kisima kirefu ambako maji huvutwa na mnyororo wa vijana wakipokezana ndoo, na zamu yake ilikuwa wazi. Jicho lilipoanza kutulia na sindano zilipokwisha, alijiona mzima. Alikunja vidonge vilivyobaki katika kona ya kikoi akapanda lori. Nilipomkuta Takaba nilimuuliza kama anaendelea kuvimeza, akanijibu kwa adabu, "Ndiyo, Maalim," na mjomba wake akatazama pembeni. Sitamlaumu. Nimeishi nao, nimeona ndoo zile. Mtu anayekaa mjini akila posho ya wenzake huku wenzake wakivuta maji huona haya kuliko maumivu, na hakuna dawa iliyotengenezwa ikizingatia kisima.

Oktoba ikamrudia yote: homa, mgongo, na jicho lilelile, safari hii vibaya zaidi. Mjomba wake aliuza ngamia mmoja dume na kumpeleka mwenyewe. Walifika Garissa mbingu zikiwa zimekwisha kugeuka. Mvua zilizofuata ndizo dunia nzima iliziita El Niño. Mto Tana ulivunja kingo, barabara zikakatika, laga, yaani mikondo mikavu ya kule, zikawa mito, na Kaskazini Mashariki yote ikawa visiwa. Kijana hakuweza kurudi Takaba hata angetaka. Alikaa Garissa, akameza dawa zake zote mpaka ya mwisho, kwa sababu mafuriko yalimzuia kufanya vinginevyo.

Sisi tuliobaki juu tulipata habari kwa redio koli, nazo hazikuwa habari za jicho. Desemba watu walianza kufa Garissa kwa homa ya kutoka damu, na mbuzi na kondoo wakaharibu mimba na kufa kwa makundi. Ilikuwa homa ya Bonde la Ufa, inayoletwa na virusi, inayobebwa na mbu na kwa kushika damu ya wanyama. Inafaa niitaje hapa kwa sababu hiyo nayo hufika jichoni: baadhi ya waliopona walibaki na kovu kwenye pazia la nyuma la jicho, na uoni wao wa katikati ukapotea. Njia ya ugonjwa ni nyingine, lakini mikono iliyoshika mnyama aliyetupa mimba ni ileile.

Kijana alirudi mwaka 1998, barabara zilipokauka. Jicho la kulia zima. La kushoto lilikuwa limetulia, halina wekundu, halina maumivu, na mboni yake imekunjana, na nyuma yake mna weupe. Aliona nalo mchana na usiku vilivyoachana, na kivuli cha mtu akisimama mlangoni. Chapa za ngamia, ambazo zamani alizisoma kutoka kilima kimoja hadi kingine, alizisoma kwa la kulia.

Katika kusoma kwangu nilijifunza kwamba bakteria huyu alionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1887, katika kisiwa cha Malta, na daktari wa jeshi la Uingereza aitwaye David Bruce, aliyemkuta kwenye wengu za askari waliokufa kwa homa. Ni Bruce huyohuyo aliyekuja Uganda mwaka 1903 kuchunguza ugonjwa wa malale. Lakini kilichonigusa ni daktari wa Kimalta, Themistocles Zammit, ambaye mwaka 1905 aligundua kwamba homa hutoka kwenye mbuzi wa kisiwa. Mbuzi wale walipitishwa mitaani na kukamuliwa mlangoni mwa mnunuzi, wakiwa na afya kwa kila aliyewatazama. Mwaka uliofuata maziwa ya mbuzi yakaondolewa katika chakula cha askari, na homa kambini ikashuka ghafla. Raia wa Malta, ambao hawakuwa na mtu wa kuwaandalia chakula kingine, waliendelea kuugua kwa miaka mingi. Naliona jambo hilo kila ninaposikia mtu wa Nairobi akishangaa kwa nini watu wa fora hawaachi tu maziwa mabichi. Waachie nini?

Mambo yamebadilika nchini tangu miaka ile ya Takaba, mengine kwa njia nisiyoipenda. Mwaka 2011 serikali iliunda kitengo kimoja cha madaktari wa watu na wa wanyama ili washughulikie pamoja magonjwa yanayotoka kwa mifugo, na brusela ni miongoni mwa matano waliyoyapa kipaumbele. Ni hatua niliyoitamani tangu siku ile ya maswali. Lakini leo mtu akienda kliniki ya Kenya na maumivu ya mwili, anaweza kuambiwa ana "taifodi na brusela", kwa kipimo cha haraka cha matone mawili kwenye kigae. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliofanywa magharibi mwa Kenya, ulionyesha kwamba kipimo hicho hupotosha sana na kufanya watu wasio na ugonjwa wapewe dawa. Zamani jina halikutajwa kwa aliyekuwa nao. Siku hizi hutajwa kwa asiyekuwa nao, na neno likizoeleka hivyo, hata mwenye jicho lake la kweli anaweza kuonekana mmoja wa wengi. Bado kinachohitajika ni lile swali la maziwa na lile la mimba, kabla ya kigae.

Chanjo ipo kwa mbuzi na kondoo. Katika nchi kadhaa hutolewa kwa tone moja ndani ya jicho la mnyama, na mchanjaji huambiwa alinde macho yake mwenyewe kwa sababu chanjo hiyo hai inaweza kumwambukiza. Kwa ngamia wa fora sijaiona.

Simu za mkononi zilipofika kule tulianza kuzungumza tena, kijana yule na mimi. Sasa yeye ndiye mkubwa wa ngamia wa ukoo wake, mjomba wake ameshatangulia mbele za haki. Ana watoto, lile jambo aliloogopa kulisema halikumnyima. Mwaka huu nilimuuliza fora wanakunywaje. Akasema wanabeba sufuria moja sasa, na chai na sukari, kwa hiyo jioni maziwa huchemka. Asubuhi ni kama zamani. Na walikubaliana jambo moja, baada ya mabishano: ngamia akitupa mimba, anayemhudumia huvaa mifuko ya plastiki mikononi, kondo huchomwa au kufukiwa, na maziwa ya ngamia huyo yanachemshwa msimu mzima, hata kama mtu ana njaa namna gani.

Nilimwambia kwamba ngamia asiyetupa mimba naye anaweza kuwa na brusela. Akasema analijua hilo, tabibu alimwambia zamani. "Lakini Maalim," akasema, "nikiwaambia wachemshe ya wote, hawatachemsha ya yeyote. Huyu mmoja wamenikubalia. Mwaka ujao nitawaomba na ya mbuzi."